Uzi: Paul Cornell, shabiki aliyeingia BBC kwa mlango wa uani

Kalamu ya Mkaa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita kwenye uzi wa muvi za kusafiri kwenye wakati kuna mdau aliuliza ni nani aliyeandika ile hadithi ya binti anayerudi kumwona baba yake siku aliyogongwa na gari. Nikajibu kwa kiherehere "nitaleta uzi", kumbe nimejitafutia kazi. Basi huu hapa. Nitaushusha kwa vipande maana natumia simu.

Jamaa anaitwa Paul Cornell. Mwingereza, kazaliwa 1967 Chippenham, mji mdogo huko Wiltshire. Ameandika TV, vitabu vya katuni na riwaya, na majina aliyowahi kuyashika ni makubwa: Doctor Who, Captain Britain, Batman, Lex Luthor. Lakini ukitaja jina lake mwenyewe kijiweni, hata kwa wapenzi wa katuni, wengi watakukodolea macho.

Kwa wasioijua Doctor Who: ni tamthilia ya BBC iliyoanza 1963. Mhusika mkuu anaitwa Daktari, basi, hana jina jingine. Si binadamu. Anasafiri kwenye wakati ndani ya kibanda cha bluu cha polisi ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje, na akikaribia kufa anageuka mtu mwingine, ndiyo maana wamepokezana waigizaji wengi. Desemba 1989 BBC wakaacha kuitengeneza. Mashabiki wakabaki yatima.

Hapo Virgin, kampuni ya Uingereza, upande wao wa vitabu, wakapata kibali cha kuiendeleza hadithi kwa riwaya kuanzia 1991. Na wakafanya jambo ambalo wachapishaji wengi hawalifanyi: wakakubali miswada ya watu wasiojulikana. Cornell hakuwa mgeni kabisa. Mwaka 1990 alishinda shindano la waandishi vijana na mchezo wake ukaonyeshwa BBC Two. Ila kilichompeleka Virgin ni hadithi aliyokuwa ameiandika kama shabiki, ikitoka kwenye jarida la kujichapishia la mashabiki wenzake. Akaifumua, akaipanua, ikatoka 1991 kwa jina la Timewyrm: Revelation. Humo kuna kanisa lenye akili zake, na sehemu ya mambo inatokea mwezini. Shikeni hiyo ya mwezini, tutarudi.

Naja na cha pili.

Nyundo Moja

Nimevuta kiti. Usije ukatuacha na "itaendelea" mpaka mwakani kama yule wa uzi wa majini.

Binti Saadani

Kaka, ina maana huyu alianza kwa kuandika hadithi za wahusika wa watu wengine? Mimi nina dada yangu anaandika hizo usiku kucha kwenye simu, mama anasema anapoteza bando.

Kalamu ya Mkaa

@Binti Saadani ndiyo hivyohivyo. Mwambie mama avumilie kidogo.

Cha pili. Kati ya 1991 na 1996 aliandika riwaya kadhaa za Daktari, na hapohapo akaanza kupata vibarua vya TV. Aliandikia Children's Ward ya Granada, tamthilia ya watoto ya wodini, ambayo mtayarishaji wake aliwahi kuwa mtu mmoja anaitwa Russell T Davies. Mshikeni na huyo. Baadaye akaandikia Casualty na Holby City, zote za BBC, zote za hospitali.

Watu wakimzungumzia Cornell wanazungumzia mazimwi na vyombo vya angani. Mimi naona shule yake ilikuwa wodini. Kwenye tamthilia ya hospitali mgonjwa wa leo mtazamaji hajawahi kumwona. Analetwa kwenye machela, ana dakika chache, na kabla kipindi hakijaisha uwe umemfanya mtazamaji amlilie kama ndugu yake. Ukishaweza hilo, zimwi unaweza kumpachika popote.

Mzee wa Kaunda Suti

Vijana, mimi hiyo Doctor Who sikuwahi kuiona, lakini naona unaandika vizuri. Sasa huyu bwana aliingiaje humo kwenye tamthilia yenyewe, kama ilikuwa imefungwa?

Kalamu ya Mkaa

Shikamoo mzee. Aliingia mara mbili. Ya kwanza ilimfia mikononi.

Mwaka 2003 BBC walitaka kuirudisha Doctor Who kwa katuni ya mtandaoni. Richard E. Grant akatoa sauti ya Daktari, na huyo ndiye aliyekusudiwa kuwa Daktari wa 9 rasmi. Mwandishi: Cornell. Kazi inaitwa Scream of the Shalka. Kabla haijatoka, Septemba mwaka huohuo, BBC wakatangaza kwamba tamthilia inarudi kwenye TV yenyewe, na mwenye usukani ni Russell T Davies. Katuni ikatoka Novemba, tayari imeshakuwa ya zamani. Yaani umealikwa harusini, umevaa, umefika mlangoni, unaambiwa bwana harusi amebadilishwa.

Lakini huyo bwana harusi mpya alikuwa anamjua. Davies mwenyewe aliandikia Virgin riwaya ya Daktari mwaka 1996, wote wametoka uani kulekule. Tamthilia iliporudi 2005, Cornell akapewa epizodi moja, ya 8. Inaitwa Father's Day, ilirushwa tarehe 14 Mei 2005. Hiyo ndiyo aliyoiulizia yule mdau.

Mwaka 1987 Pete Tyler anashuka kwenye gari na chombo cha maua mkononi, zawadi ya harusi wanayokwenda. Gari linapita, linamgonga, linakimbia. Anafia barabarani peke yake. Binti yake Rose wakati huo ni mtoto mchanga, na amekua akisimuliwa hivyo na mama: hakuna aliyekuwa naye. Sasa ana miaka 19, anasafiri na Daktari, na ombi lake si baba asife. Anataka amshike mkono tu, asife peke yake.

Wanafika. Gari linakuja, miguu ya Rose inakataa. Anaomba arudishwe tena dakika zilezile. Mara ya pili wanasimama nyuma ya wale wao wa mara ya kwanza, na Rose anachomoka, anawapita, anamsukuma baba yake pembeni. Pete yuko hai, anashangaa binti huyu ni nani.

Hapo dunia inaharibika. Kibanda cha Daktari kikifunguliwa ni kibanda tu, ndani hamna kitu. Viumbe wenye mabawa wanakula watu, waliobaki wanajifungia kanisani. Na nje ya kanisa lile gari lililotakiwa kumgonga Pete linatokea kwenye kona, linapotea, linatokea tena.

Hayo mabawa yasahauni. Mle kanisani Pete anagundua kuwa Rose ni mwanawe, anamuuliza: mimi nilikuwa baba wa namna gani? Rose anamdanganya. Anamwambia ulinisomea hadithi kila usiku, ulitupeleka matembezini, hukukosa hata siku moja. Pete anasikiliza, anajua huyo anayesimuliwa siye yeye. Yeye ni mtu wa kuahidi na kusahau. Kwa ule uongo anaelewa kwamba hakuwepo, kwamba alishakufa. Anachukua hatua mwenyewe, anatoka nje kulifuata gari.

Mwishoni mama anamsimulia mtoto kisa kilekile. Kilichobadilika ni kidogo sana: dereva alisimama, na kulikuwa na binti mmoja hakuna aliyemjua, akakaa naye mpaka mwisho.

Nyundo Moja

Aisee.

Msee wa Rongai

Boss, umenishika kwa matatu nikilia kama mtoto. Konda ananiuliza kama nimeibiwa.

Binti Saadani

Huo mstari wa kumdanganya baba kuhusu baba. Mwandishi mwingine angemfanya amwambie ukweli halafu wakumbatiane.

Jicho la Tai

Sawa, nzuri. Lakini epizodi moja haimfanyi mtu awe gwiji. Tupe ushahidi mwingine, mkuu. Na tuzo je?

Kalamu ya Mkaa

@Jicho la Tai nilijua utakuja. Tuzo zinachekesha, subiri. Kwanza ushahidi.

Mwaka 1995 aliandika riwaya ya Daktari inaitwa Human Nature, kisa akikipanga pamoja na mwandishi mwenzake wa Australia, Kate Orman. Daktari anaamua kuwa binadamu. Anasahau yeye ni nani, anakuwa mwalimu kwenye shule ya wavulana huko Uingereza, mwaka 1914, na anampenda mwalimu mwenzake, Joan. Riwaya ikapendwa mno, halafu ikakaa kabatini miaka 12. Mwaka 2007 Davies akamwita aigeuze TV. Ikawa epizodi mbili za David Tennant, aliyekuwa Daktari wakati huo, Human Nature na The Family of Blood, tarehe 26 Mei na 2 Juni. Kwenye TV mwaka wakaurudisha nyuma, 1913.

Kuna tukio dogo mle nalipenda kuliko vita yote. Mwalimu anatembea na Joan mjini. Juu ya barabara wanapandisha piano kwa kamba, kamba inakatika nyuzi moja moja, na chini kuna mama anasukuma kigari cha mtoto. Mwalimu hajui kama yeye ni Daktari. Ana mpira wa kriketi mkononi, wa mtoto aliyesimama karibu. Anaurusha. Mpira unagonga mabomba ya kiunzi, mabomba yanaangukia ubao, ubao unarusha tofali, tofali linaangusha ndoo kubwa ya maziwa mbele ya yule mama, mama anasimama, piano inatua mbele yake. Mwalimu anaishangaa mikono yake. Halafu anamwalika Joan dansini. Ujasiri wa piano umempa ujasiri wa kumwalika mwanamke!

Baadaye maadui wanafika, wanatengeneza jeshi la sanamu za kufukuzia ndege shambani, na shule inawapanga wavulana uani na bunduki za rashasha. Vitoto vinapiga risasi huku vinalia, na nyuma unasikia wimbo wa kanisani. Sanamu zinaanguka, majani matupu. Mtazamaji anajua kwamba mwaka unaofuata ni 1914 na hawa watoto hawatapiga majani.

Mwisho Daktari amerudiwa na akili zake, anamfuata Joan, anamwambia twende wote, mimi bado ni yuleyule. Joan anamuuliza swali moja: kama usingelichagua kijiji chetu kwa kubahatisha tu uje kujificha, kuna hata mtu mmoja hapa angekufa? Hana jibu. Anaambiwa aondoke.

Kwenye TV ya Waingereza, shujaa wa Jumamosi jioni anafukuzwa na mjane, na mjane ndiye mwenye haki.

Mwalimu wa Zamu

Nimesoma kitabu na nimeona TV, naongeza kitu. Kuna mwanafunzi anaitwa Tim anayeuona wakati ujao. Kwenye TV anakwenda vitani kama askari, anamwokoa mwenzake, na uzeeni anaonekana kwenye ibada ya kumbukumbu ya mashujaa na ua jekundu kifuani. Kitabuni Tim anakwenda na Msalaba Mwekundu na ua lake ni jeupe, lile la wanaopinga vita. Rangi ya ua tu, lakini ni hadithi nyingine.

Kalamu ya Mkaa

@Mwalimu wa Zamu asante sana, hiyo nilitaka niifiche nione kama kuna atakayeitaja. Mimi niko upande wa ua jeupe.

Sasa tuzo. Hugo ndiyo tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi. Mwaka 2006 Father's Day iliteuliwa. Ikashindwa na hadithi ya mwandishi mwenzake Steven Moffat, ya Doctor Who hiyohiyo. Mwaka 2008 yule mwalimu wa kriketi akateuliwa. Akashindwa na Blink, ya Moffat tena, ambayo ilirushwa wiki moja tu baada yake. Yaani jirani wa ukuta kwa ukuta, mara mbili. Mwaka 2010 akateuliwa kwa kitabu cha katuni, akakosa. Hugo aliyokuja kuipata, 2012 na 2013, ni ya kipindi cha sauti cha mtandaoni, SF Squeecast, alichokuwa anakifanya na waandishi wenzake. Ndiyo, alipewa kwa kupiga soga.

Jicho la Tai

Hahaha, hapo nimecheka. Haya, hiyo katuni ya 2010.

Kalamu ya Mkaa

Katuni alianza zamani, kwenye Judge Dredd Megazine, jarida la katuni la Uingereza, miaka ya 1990 mwanzoni. Huko aliandika hata Pan-African Judges, majaji wa Afrika kwenye dunia ya Judge Dredd, michoro ya Siku, msanii Mwingereza mwenye asili ya Nigeria. Marvel, kampuni kubwa ya katuni ya Marekani, wakamchukua 2006. Mwaka 2008 akapewa jarida la Captain Britain and MI13, ndiyo hiyo ya Hugo ya 2010, akichorewa na Leonard Kirk.

Humo alimuumba Faiza Hussain. Daktari wa hospitali, Mwislamu wa Uingereza, anavaa ushungi, mshabiki mkubwa wa mashujaa. Kabla ya kumwandika aliwashauri wanawake Waislamu wa kwao. Halafu akafanya kituko: upanga wa Mfalme Arthur, Excalibur, kitu cha Kiingereza kuliko chai ya maziwa, akampa Faiza. Wala hakumfanya atoe hotuba. Faiza anaushika, anakwenda kazini.

Na Dracula. Dracula anapanga kuivamia Uingereza akitokea... mwezini. Ana ngome huko. Sura ya kwanza ya kisa hicho ni Dracula na Doctor Doom wamekaa mwezini wanajadiliana kama wenyeviti wawili wa vijiji wasioaminiana. Huyu jamaa na mwezi sijui wana nini.

Toleo la 15, mwaka 2009, Marvel wakalifunga jarida. Halikuwa linauza vya kutosha.

Akaenda DC, wapinzani wa Marvel. Mwaka 2010 wakampa Action Comics, jarida alimozaliwa Superman, wakati Superman mwenyewe hayumo, kaenda jarida la pili anatembea Marekani kwa miguu. Cornell akamweka Lex Luthor, adui wa Superman, kuwa mhusika mkuu. Ukisoma unajikuta unamwombea adui. Ya Batman, Demon Knights na Stormwatch nayapita, si kazi zake za kunitoa usingizini.

Jicho la Tai

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: katuni ya kuirudisha Doctor Who ikachacha, jarida likafungwa, tuzo akapokonywa na jirani. Mkuu, unatuletea uzi wa mtu aliyeshindwa.

Mdukuzi wa Maneno

Samahani nidakie. Mimi naandika skripti hapa Dar, miaka minane sasa. Mwaka fulani niliandikia kampuni fulani tamthilia, kampuni siitaji. Kuna mhusika niliyemtunga, mama muuza samaki mwenye mdomo, nchi nzima ikawa inamuiga. Msimu wa pili waliniacha, wakamwendeleza yeye. Msimu wa tatu wakampeleka kwenye tangazo la biashara. Mimi nilikuwa namwangalia kwenye TV ya kinyozi. Kwa hiyo @Jicho la Tai, kufungiwa jarida si kushindwa. Swali langu kwa mleta uzi: huyu Cornell ana kitu chochote ambacho ni chake?

Kalamu ya Mkaa

@Mdukuzi wa Maneno pole sana kaka. Hapo ndipo nilipokuwa naelekea, na umefika kabla yangu.

Rose si wake. Faiza si wake, ni wa Marvel mpaka kesho. Lakini mwaka 1992, kwenye riwaya ya Love and War, alimtungia Daktari mwenzake mpya wa safari, anaitwa Bernice Summerfield, kwa kifupi Benny. Mwanaakiolojia wa karne ya 26. Anapenda pombe. Uprofesa wake ni wa kughushi. Anaandika shajara, halafu akijutia alichoandika anabandika kikaratasi juu yake na kuandika toleo zuri zaidi.

Mkataba wa Virgin uliwaachia waandishi haki za wahusika waliowatunga wenyewe. Mwaka 1997 BBC wakaichukua Doctor Who yao kutoka Virgin. Daktari akaondoka. Benny akabaki! Hakuwa wa BBC. Virgin wakaendelea kutoa vitabu, Benny akiwa ndiye mhusika mkuu, na cha kwanza akakiandika Cornell. Mwaka 1998 kampuni changa ya michezo ya sauti, Big Finish, ikataka kuanza kazi. Doctor Who walikuwa hawajaipata, wakaenda kwa Cornell kuomba Benny. Mwaka uliofuata ndipo wakapata kibali cha Daktari. Benny, akiigizwa na Lisa Bowerman, ameendelea kutoka huko kwa zaidi ya miaka 20.

La pili. Mwaka 2012 aliandika Saucer Country kwa Vertigo, tawi la DC, michoro ya Ryan Kelly. Gavana wa New Mexico, Arcadia Alvarado, anagombea urais wa Marekani, na anaamini alitekwa na viumbe wa angani. Toleo la 14 likafungwa, kama kawaida yake. Ila hili lilikuwa lao yeye na mchoraji. Mwaka 2017 wakaliendeleza kwa kampuni nyingine, IDW, kwa jina la Saucer State, na hadithi ikaendelea pale ilipokatwa.

Captain Britain ilipofungwa hakuwa na pa kuipeleka. Hii alikuwa na pa kuipeleka.

Mwalimu wa Zamu

Na riwaya za wale wachawi watatu wa Lychford, 2015, nazo ni zake. Kimji kinagombana kuhusu supamaketi mpya, kumbe ikijengwa mipaka ya ulimwengu wa pili inavunjika. Mmoja wa hao watatu ni kasisi wa kanisa la kijiji. Mambo ya baraza la mtaa tupu, mikutano na wazee wakali.

Mzee wa Kaunda Suti

Hiyo ya supamaketi ndiyo nitakayoanza nayo mimi. Mikutano ya namna hiyo nimekaa sana.

Msee wa Rongai

Mimi nimeitafuta ile ya baba. Nimeiona jana usiku na earphone ili mzee asiniskie, maana yuko room ya pili. Asubuhi nimempikia chai. Ameniangalia ni kama nimevunja kitu ya nyumba.

Binti Saadani

@Mdukuzi wa Maneno kaka, na mkataba wako wa yule mama muuza samaki ulisemaje?

Mdukuzi wa Maneno

Nimeufukua leo kwa sababu ya uzi huu, ulikuwa chini ya godoro pamoja na risiti za luku. Kurasa 4. Kifungu cha 7 kina maneno matano: "wahusika wote mali ya kampuni". Saini yangu iko chini yake imepinda. Nakumbuka niliiweka nikiwa nimesimama, kalamu ya kuazima, dereva wao anapiga honi nje.